Hukwenda Mtera

Ndahani,

Barua nilizowafundisha watoto wa kijiji cha Chisamila kuandika zilianza kwa kuuliza hali. Hujambo, mimi sijambo, wasiwasi wangu ni kwako uliye mbali. Aliyesahau nilimchapa. Leo nimekaa na kalamu tangu chai ya asubuhi na siwezi kuanza hivyo. Hali yako naijua, niliiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Yangu ni kwamba moyo umechoka, miguu inajaa maji, na daktari siku hizi anazungumza na binti yangu Zaituni mlangoni badala ya kuzungumza nami kitandani. Niko kwake hapa Kikuyu, Dodoma mjini, chumba cha uani, dirisha linatazama tangi la maji. Mwandiko huu uliopinda ndio ule uliokuwa ukiusifu. "Mrangi," ulikuwa ukinitania kwa kabila langu, "wewe hata ukiandika matusi yatasomeka kama sala."

Naandika nikiwa na hasira. Nilidhani mtu akikaribia kufa anapoa. Sijapoa. Nina hasira na maofisi, nina hasira na Zaituni anayenifichia fimbo nisitoke, nina hasira na mkono huu na kila ulichowahi kuandika. Na wewe pia, kidogo, kwa sababu siku ile ungeweza kunitukana na hukunitukana. Nitafika hapo. Unanijua, sifiki mahali bila kuzunguka kwanza.

Habari za kwenu. Mkeo alifariki mwaka juzi. Kanisani kwao, siku ya kina mama, mchungaji alikuwa akiwaita wajane wasimame waombewe, kisha akawaita wenye waume. Mkeo hakusimama mara ya kwanza wala ya pili. Miaka yote alibaki ameketi, mikono mapajani. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba mume wake amehamia Mtera. Hakukukalia msiba. Hakunyoa nywele. Hakuolewa tena. Nani anamlilia mume aliyehama? Alikuwa akikulaani asubuhi na jioni anakuwekea kigoda chako mlangoni, na majirani walishazoea.

Wewe hukwenda Mtera. Hukuwahi hata kulitia jicho lile bwawa. Mtera nilikupeleka mimi, kwa kalamu.

Kilichoandikwa baada yako hukukiona, kwa hiyo nakueleza. Amri unaikumbuka: watu watoke kwenye makazi yao yaliyotawanyika, wahamie kijijini, nyumba kwa mistari. Unakumbuka pia kwamba mimi, mwalimu wa shule, nilifanywa katibu wa operesheni kwa sababu moja tu, kwamba naandika vizuri. Ulipokwisha kufa na kufukiwa, mkuu wa operesheni aliniambia, "Katibu, andika chochote." Hakunitajia neno. Nilikaa mezani, nikafungua daftari la kaya, nikafikiri kama mtu anayetunga insha. Mtera palikuwa mbali, vijana walikuwa wanakwenda huko kutafuta vibarua vya bwawa, mtu angeamini. Nikaandika: Ndahani amehama kwa hiari yake, inasemekana yuko Mtera. Inasemekana! Hakuna aliyesema. Nikakausha wino, nikaridhika na mstari.

Sasa la kwanza la kukiri: nilingoja mkeo afe. Nilijiambia namhurumia. Uongo. Nilikuwa naogopa macho yake. Alipozikwa, nikarudi nyumbani nikamwambia Zaituni nataka kusema kweli kabla sijaondoka. Nilidhani kazi ngumu ni kuamua kusema. Ndahani, laiti ungeona.

Nilianza kwa mtendaji wa kata. Kijana wa adabu kabisa. "Shikamoo mzee." Akanisikiliza mpaka mwisho, akashika kidevu. "Mzee wangu, hilo ni jambo la historia. Ungewaona watu wa makumbusho."

Nikaenda Mtumba. Kule mashariki, ambako tulikuwa tunapita na mbuzi, sasa kuna wizara zimepangwa kama meza za mtihani. Sitaitaja ofisi niliyoingia. Nilipita getini, nikapimwa na kile chuma kinacholia, kikalia kwa sababu ya fimbo, nikaambiwa nirudi nje nipite tena. Ndani kulikuwa na binti mzuri wa sura na sauti.

"Shikamoo babu. Umeweka miadi?"

Nikamwambia mtu niliyekuwa na miadi naye amekufa zaidi ya miaka arobaini. Akacheka kwa huruma, akaniletea kiti, akafungua kompyuta.

"Babu, wewe ni mlalamikaji au mlalamikiwa?"

"Mlalamikiwa."

Akaacha kuandika. "Mlalamikiwa hafungui jalada, babu. Anasubiri kuitwa."

"Mwanangu, nimesubiri. Hawaniiti."

Akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi. Mfumo hauna sehemu ya mtu anayejishtaki mwenyewe. Labda ndugu wa marehemu waje. Na waje na cheti cha kifo. Cheti nilikifuatilia pia, usidhani nilikaa. Kwenye dawati la vyeti niliambiwa kwamba kwa kumbukumbu zilizopo huyo mtu hakufa, alihama. "Imeandikwa hapa, mzee. Sisi tunafuata maandishi." Maandishi ya nani? Nilitaka kupiga kelele. Kwa miezi minane niligonga kichwa kwenye mstari niliouandika mwenyewe, na kila mtu alinionyesha mstari huo kwa heshima, kana kwamba umeshushwa kutoka mbinguni.

Daftari lenyewe lipo. Mchwa wa Chisamila walikula shule nzima, milango na madawati, wakaliacha hilo. Limehifadhiwa kwenye chumba cha kumbukumbu mjini. Kijana mwenye glavu nyeupe alilifungua mbele yangu, nikamwonyesha mstari. Akainama, akaita mwenzake. "Njoo uone mwandiko! Siku hizi watu hawaandiki hivi." Wakasimama wawili wakiisifu herufi kubwa ya kwanza ya Mtera, jinsi ilivyopinda. Nilikaa chini nikalia. Wakadhani ni uzee, wakaniletea maji ya chupa.

Kwa muda huo wote nilikuwa nikiandika maelezo yangu. Niliyaandika mara saba. Kila ofisi ilitaka yawe mafupi zaidi, au marefu zaidi, au yapigwe chapa. Zaituni ndiye aliyenikatisha. Alikuwa ananikanda miguu, akasema bila kuinua uso, "Baba, umekwenda kila mahali isipokuwa kwa Sechelela."

Nikamkaripia. Nikamwambia siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, lazima niwapelekee karatasi yenye muhuri, ili wajue baba yao ametambuliwa. Akasema, "Muhuri wa nini? Wao wanajua kwamba hayupo."

Mtu anafundisha watoto wa wenzake maisha yake yote, halafu anasomeshwa na mwanawe wa kumzaa akiwa amekandwa nusu mguu. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia atafute gari.

Binti yako Sechelela yupo pale pale Chisamila. Ulimwacha ana siku tisa. Sasa ana wajukuu, mfupi kama wewe, na amerithi ile tabia yako ya kunyamaza mpaka mtu mwingine atoe jasho. Analima zabibu. Nilimkuta shambani na mkasi, anapunguza matawi. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, unajua hilo? Darasa la kwanza alikaa mstari wa mbele. Watoto wenzake walimtungia wimbo kwamba baba yake ameoa mke wa pili Mtera, anakula samaki, amesahau mlenda. Walikuwa wanamwimbia wakati wa mapumziko. Mimi nilitoka ofisini na fimbo, nikawachapa wote, nikarudi ndani nikaendelea kusahihisha madaftari. Sechelela aliniona kama mtetezi wake. Aliniletea karanga.

"Mbukwa, Mwalimu," akanisalimu kwa Kigogo aliponiona nashuka kwenye gari. "Umechoka hivi! Nani amekuruhusu kutoka?"

Tulikaa kwenye kivuli cha nyumba. Akaniletea uji. Nikashindwa kusema, nikampa karatasi, toleo la saba. Akavaa miwani, akasoma kama nilivyomfundisha, kidole chini ya mstari, midomo ikitikisika kidogo. Kurasa nne. Alisoma jinsi paa la nyumba yenu lilivyobomolewa na jinsi ulivyolirudisha. Alisoma kwamba hukuwa mpinzani wa mtu, uliomba majuma matatu tu, mzazi apate nguvu na kitovu cha mtoto kidondoke. Hapo alisimama, akarudia. Nadhani hakuwa amejua kwamba mtoto huyo ni yeye. Alisoma kwamba mkuu wa operesheni alisema utakuwa mfano, ukafungiwa kwenye ghala jipya la kijiji, lile la mabati, mwezi wa kumi, na kwamba alikwenda mjini akasema usifunguliwe mpaka arudi. Alisoma kwamba ulikaa humo Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili mchana ukafa kwa joto na kiu, chini ya ulinzi wa mgambo.

Akavua miwani. Nilingoja kilio. Akarudi ukurasa wa tatu, akaweka kidole.

"Mwalimu, huyu mgambo hana jina."

Akazipitia tena kurasa zote nne.

"Wote umewaandika majina. Mkuu wa operesheni, dereva wake, mpaka mpishi. Huyu wa mlangoni peke yake hana. Na ufunguo alikuwa nao nani?"

Ndahani, nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule, nimesimama mbele ya madaktari. Sijawahi kuulizwa swali na mtu aliyejua jibu liko wapi kwa kiasi kile. Ofisi zote zile, watu wasomi, hakuna hata mmoja aliyeuliza. Walitaka viambatisho.

Hapakuwa na mgambo. Wewe unajua hapakuwa na mgambo. Nilimweka kwenye toleo la kwanza ili asimame mahali pangu, na nikamwacha amesimama mpaka la saba. Kufuli ilikuwa ya katibu. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa shati langu, huu wa kushoto, na ulikuwa unanichoma ngozi kwa jua. Ijumaa jioni nilimwaga maji kwenye uwazi wa chini ya mlango, ukayalamba kwenye sakafu, ukasema, "Asante, Mrangi." Jumamosi nilipita mara mbili. Mara ya kwanza ulisema, "Mwalimu, nifungulie nikae kivulini tu, sitakimbia, nina mtoto mchanga, nitakimbilia wapi?" Nikasema mkuu anakuja sasa hivi. Mara ya pili ulisema, "Maji, Mwalimu, hata ya kunawa." Nikasema anakuja. Sikukupa. Nilimwona mtu kwa mbali, sikumtambua, nikaogopa asije akaenda kusema kwamba katibu anamsaidia mpinzani. Mtu wa mbali! Mpaka leo simjui alikuwa nani. Pengine alikuwa anatafuta ng'ombe wake.

Jumapili sikupita. Niliwapanga watu kwa ajili ya mkutano. Mkuu alirudi saa sita na wageni wake, akapanda jukwaani moja kwa moja, nikampelekea daftari, akaniambia kwa sauti ya chini, nenda kamtoe yule aje awaombe watu radhi. Nikafungua. Nimekwambia niliiona hali yako kabla ya mtu mwingine yeyote. Ulikuwa umevua nguo na umelala na mdomo kwenye ule uwazi wa chini ya mlango.

Kwa agizo la mkuu, mimi na dereva wake tulikuzika nyuma ya korongo, mchana kweupe, na kila mtu yuko mkutanoni. Tulisikia hotuba. Tulisikia makofi. Dereva alikuwa anachimba kwa kufuata yale makofi, sijui kama alijua. Jioni mkeo aliambiwa kwamba ulifunguliwa usiku, ukaondoka zako. Nilichomeka vijiti vitatu vya minyaa kichwani pako, ndilo jambo pekee nililolifanya bila kuagizwa.

Haya yote nilimwambia Sechelela, kwa mdomo, hapo kivulini, bila karatasi. Nilipomaliza alichukua kikombe changu cha uji ambao sikuumaliza, akaenda kuumwaga. Alikaa huko nyuma ya nyumba muda mrefu. Zaituni alinishika mkono. Sechelela alirudi amefunga kanga nyingine.

"Mama amekufa ameketi," akasema. "Kanisani. Unajua hilo, Mwalimu?"

"Najua."

"Ulikuwa unamwona?"

"Nilikuwa namwona."

Nilimwambia anipeleke polisi. Nilisema niko tayari, hata leo. Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mlevi. "Nikupeleke uwafie mikononi? Wakuonee huruma wakupe soda? Ndicho unachotaka." Halafu akasema, "Jumamosi saa mbili asubuhi uwe hapa. Utatuonyesha alipo. Ukifa kabla ya Jumamosi sitakusamehe."

Wala hakusema kwamba nisipokufa atanisamehe. Nilizingatia hilo.

Sikufa. Tulikwenda. Mlima ule wa mawe bado upo, lakini chini yake, ndugu yangu, pote pamepimwa viwanja. Mji umetufuata. Kuna barabara za mchanga zisizo na magari na mawe ya mipaka yenye namba. Nilizunguka kama kuku, wajukuu zako wamenishika huku na huku, nikaanza kuogopa kwamba hata hili nitashindwa. Ndipo nikaona minyaa. Vijiti vyangu vitatu vimekuwa kichaka kikubwa kuliko nyumba. Jiwe la mpaka liko hatua moja kutoka kifuani pako. Una kiwanja na nusu, Ndahani, na wewe ulikuwa unasema hutaki kupangwa mstari.

Wajukuu walitaka ufukuliwe upelekwe kwa mkeo. Kibali cha kufukua kinataka cheti cha kifo, cheti kinataka ushahidi, na ushahidi, wanasema, ni mwili. Sechelela akasema, "Mwacheni. Amelala." Akaokota jiwe, akaweka. Kila mtu akaweka. Mimi nilinyoosha mkono kuokota na yeye akasema, "Wewe bado."

Kisha akatangaza msiba. Siku tatu, nyumbani kwake, maturubai, mikeka, sufuria za majirani, mchungaji. Msiba wa mtu aliyekufa kabla ya nusu ya waombolezaji kuzaliwa. Nikaaga nirudi mjini, nikidhani pale si mahali pangu. Akanikataza.

"Unajua msibani watu wakifika wanauliza nini?"

Najua. Kila anayefika anakaa, anatoa pole, anauliza: ilikuwaje? Na wenye msiba humweka mtu mmoja wa kueleza, tangu alipoanza kuugua mpaka alipokata roho, na akija mwingine anaanza upya.

"Sisi hatukuwepo," akasema. "Wewe ulikuwepo. Utakaa hapo kwenye mkeka wa mbele. Watakuuliza. Utajibu."

Ofisi zote zile zilikosa kiti cha mlalamikiwa, na Sechelela alikuwa nacho nyumbani kwake muda wote.

Nilikaa. Mara ya kwanza niliwaeleza wazee watano. Nilianza vizuri, sauti ya darasani. Paa, ghala, mabati, joto. Nikafika Jumapili, nikasema tukamkuta ameshafariki. Wazee wakaanza kusikitika. Kutoka jikoni, katika moshi na kelele za masufuria, sauti ikaja, wala haikupandishwa:

"Na ufunguo, Mwalimu."

Nikasema na ufunguo. Mzee mmoja alisimama, akatema mate kando, akaenda kukaa turubai la pili. Hakuniangalia tena mpaka msiba ukaisha.

Wakaja wengine, nikaanza upya. Siku ya kwanza nilieleza mara kumi na moja, na mara nne nilifika mwisho bila kuutaja. Nakuapia sikukusudia. Ulimi wenyewe ulikuwa unapita pembeni, kama ng'ombe wanavyojua njia ya zamani. Na kila mara, kutoka jikoni: "Na ufunguo, Mwalimu." Siku ya pili alinikumbusha mara moja tu. Mwanamke mmoja mzee, niliyemfundisha kuhesabu, aliniuliza, "Ulikuwa unaufikiria ulipokuwa unatufundisha?" Nikamwambia hapana. Kulikuwa na miezi mizima sikuufikiria. Akasema, "Afadhali umesema hilo," lakini hakunipa mkono.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulitazamia. Mtu mmoja alikuja kutoka kijiji cha jirani, hakukufahamu wewe wala ukoo wako. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na babu yetu aliyeandikwa kwamba amekwenda Morogoro?" Mwanamke akasema kaka yake aliandikwa mtoro, sasa yeye alitorokea wapi? Siku ya tatu walikuwa wanne. Walikaa pembeni wakingoja nimalize yako ili waulize yao. Wawili sikuwajua kabisa. Wengine wawili, Ndahani, ni mwandiko wangu. Najua kilichowapata. Sikuwaweka hata kwenye toleo la saba, kwa sababu nilikuwa najishughulisha na kukiri dhambi moja vizuri.

Siku hiyo hiyo simu ilinilia mfukoni, pale mkekani. Yule binti wa Mtumba.

"Shikamoo babu. Ombi lako limerudishwa, halina kiambatisho."

Nikamwambia niko msibani.

"Jamani, pole sana babu. Nani amefariki?"

"Ndahani."

Nilisikia vitufe vya kompyuta, nadhani alikuwa anatafuta jina mahali. "Poleni sana. Basi mkimaliza, muombe cheti cha kifo, mtuletee."

Watu wa mkekani walicheka, Ndahani. Msibani kwako walicheka, na wewe ungecheka kuliko wote. Hata Sechelela nilimwona amefunika mdomo kwa kanga. Mimi sikucheka. Nilitaka kuitupa ile simu kwenye ugali.

Jioni ya mwisho Sechelela alinyoa nywele, kwa niaba ya mama yake. Mchungaji akauliza kama kuna wajane wa kuombewa, akasimama yeye, kwa niaba. Alisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipokuja kuniaga kwenye gari alisema, "Mwalimu, wale wanne watakuja kwako Kikuyu. Nimewapa njia." Hakusema zaidi. Kunisamehe hakunisamehe, na sikumuuliza. Jiwe pia sijaruhusiwa.

Basi ndivyo ilivyo. Sijapata muhuri. Mstari bado upo kwenye daftari na herufi yake nzuri, na watu bado wanausifu. Mkuu aliyeagiza ufungiwe alizikwa kwa hotuba miaka mingi iliyopita, nikiwepo mimi, na nilikula pilau. Hakuna atakayemhukumu. Mimi mwenyewe hawataki kunihukumu. Kila mahali nimepewa kiti na maji. Daktari amemwambia Zaituni jambo jipya leo, nimeona mgongo wake ulivyoinama.

Wale wanne wanakuja kesho. Nimemwambia Zaituni aniletee fimbo, akaileta bila ubishi, na hiyo nayo ni taarifa. Keshokutwa, mwili ukikubali, nitarudi kwenye kile chumba cha kumbukumbu na wale wawili ambao ninajua habari zao, nifungue ukurasa, niwaonyeshe ni wapi nilidanganya na kwa neno gani. Kijana mwenye glavu asikilize akitaka.

Ulipoomba maji nilikuambia anakuja. Sitakuambia tena kwamba mtu anakuja. Nakuaga, Ndahani. Nakuahidi hili moja, kwa sababu ndilo lililobaki ndani ya uwezo wangu: kesho wakikaa, wakiniuliza ilikuwaje, nitaanza na ufunguo. Nitaanza nao, kabla ya paa, kabla ya joto, kabla ya jina la mtu mwingine yeyote. Sitangoja kukumbushwa.

Mimi,
Mwalimu Issa
Kikuyu, Dodoma